Umepata nafasi ya kusoma misioni Ujerumani: mwongozo kamili wa maisha ya kila siku

Mwongozo huu ni wa mchungaji, mwinjilisti au kijana wa usharika ambaye barua imeshatoka: dayosisi imempitisha, chama cha misioni cha Ujerumani kimekubali kumlipia, chuo kimempa nafasi ya miaka miwili. Mimi nilitoka usharika wa mlimani Lushoto nikatua Niedersachsen, kaskazini mwa Ujerumani, kwenye nyanda za Lüneburger Heide. Ukichungulia dirishani kule unaona misonobari, baiskeli, na ukimya.

Jambo moja nitalirudia mpaka ulichoke. Kwetu mgeni akifika, mzee wa kanisa anajua kabla begi halijashuka garini, na jioni kina mama wameshaleta ndizi. Ujerumani hakuna anayekuja kukugongea. Si kwamba hawakupendi. Wanakupenda kwa miadi. Neno lenyewe ni Termin, na utalisikia mara nyingi kuliko Amina. Kwa daktari ni Termin, kwa profesa ni Termin, kwa mchungaji ni Termin, hata kunywa kahawa kwa jirani ni Termin. Wanaoteseka sana ni wale wanaokaa chumbani wakisubiri kuitwa.

Kabla ya kupanda ndege

Anza na lugha, hata kama masomo yako ni ya Kiingereza. Profesa ataongea Kiingereza. Karani wa manispaa hataongea, na barua zote zitakuja kwa Kijerumani kile kirefu. Kuna Goethe-Institut Dar es Salaam na Nairobi. Ukifika ukiwa na kiwango cha A2 utaweza kununua mkate na kusoma tangazo. Ukifika na B1 utaweza kulalamika kwa adabu, na hicho ndicho kiwango cha kuishi.

Vyeti vibebe mkononi, usiviweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege: cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya shule na chuo, cheti cha ndoa kama umeoa au umeolewa, na barua ya kubarikiwa kama ni mchungaji. Nakala zilizothibitishwa ziwe tatu tatu.

Barua ya ufadhili isome kwa macho ya karani wa viza. Mwanafunzi anayejilipia huweka fedha kwenye akaunti iliyofungwa, na tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, maana yake euro 992 kwa mwezi. Anayefadhiliwa haweki, ila barua yake lazima itaje kiasi, miezi, na nani analipa bima. Barua inayosema tu "tutamhudumia ndugu yetu katika Kristo" ni nzuri ibadani, ubalozini itarudishwa.

Kisha bima ya afya, na hapa wachungaji wengi hunaswa. Bima ya umma ya bei ya mwanafunzi ni ya walio chini ya miaka 30. Wachungaji wengi tunakwenda tukiwa na 35, 40, na watoto watatu nyumbani. Ukishavuka 30, waulize wafadhili kwa maandishi: bima gani, ya kampuni binafsi au ya umma, na inalipia nini? Meno? Miwani? Ugonjwa uliokuwa nao tangu nyumbani, kama kisukari au presha? Na wewe ambaye hujafika 30, usikimbilie bima binafsi kwa sababu ni rahisi. Ukijitoa kwenye ile ya umma mwanzoni mwa masomo, huruhusiwi kurudi mpaka umalize.

Begi lisikuumize kichwa. Koti la baridi usinunue Kariakoo. Nunua kule, la mtumba, ambalo limetengenezwa na watu wanaoijua baridi yenyewe. Beba kanzu yako ya ibada, vitenge vya zawadi, chai, kahawa na viungo vya pilau. Nyama na maziwa haviingii Umoja wa Ulaya, hata kipande cha nyama kavu alichofunga mama. Embe halipiti bila cheti cha afya ya mimea, lakini ndizi, nanasi na nazi vinapita. Usiniulize nani alikaa akatunga orodha hiyo, ila nilimshuhudia dada mmoja akimenya embe dodo mbele ya ofisa wa forodha na kulila lote amesimama, kuliko kuliacha litupwe.

Wiki mbili za kwanza: jina, anwani, makaratasi

Siku ya kwanza, kabla hujalala, andika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Karatasi na gundi zinatosha. Ujerumani bado ni nchi ya barua: kadi ya benki inakuja kwa barua, namba ya siri ya kadi hiyo kwa barua nyingine, bima kwa barua, namba ya kodi kwa barua. Mleta barua asipoona jina lako anarudisha. Mimi nilikaa wiki tatu nikilaumu benki, kumbe kwenye sanduku kulikuwa na jina la Mkorea aliyehama kabla yangu.

Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, nenda ukajiandikishe manispaa. Hiyo ndiyo Anmeldung, na bila hiyo hakuna kinachosogea. Unahitaji pasipoti, fomu, na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unakaa pale. Jina la karatasi hiyo ni Wohnungsgeberbestätigung. Usihangaike kulitamka, lionyeshe kwenye simu.

Kwenye fomu utakuta swali la dini. Hapa ndipo nimeona Wakristo wakibabaika, maana wameshasikia habari za kodi ya kanisa. Ipo kweli. Serikali inaikata kwa niaba ya makanisa: asilimia 8 ya kodi ya mapato Bayern na Baden-Württemberg, asilimia 9 majimbo mengine. Lakini sikiliza vizuri: ni asilimia ya kodi, si ya pesa unayopata. Mwanafunzi anayeishi kwa ufadhili halipi kodi ya mapato, na asilimia 9 ya sifuri ni sifuri. Namjua mtu aliyeandika hana dini kwa hofu hiyo, kisha mwezi uliofuata akaomba kuhubiri. Andika ukweli. Ukiandika kwamba wewe ni Mlutheri, unahesabiwa mshirika wa kanisa la pale, na gazeti dogo la usharika litakuwa linaingia kwenye sanduku lako. Hiyo ndiyo ratiba yako ya ibada, kwaya, safari za wazee na mazishi.

Ukitoka hapo: fungua akaunti ya benki, peleka cheti cha bima chuoni, kisha omba miadi ofisi ya wageni kwa ajili ya kibali cha kuishi. Iombe wiki ya kwanza, kwa sababu miadi inaweza kuangukia miezi miwili mbele na viza yako inahesabu siku. Ukiandika barua pepe, ihifadhi. Ukipigiwa simu, andika tarehe na jina la uliyeongea naye. Nunua faili lenye vyumba, lile la matundu mawili, uweke kila karatasi. Mjerumani akiona faili lako limepangwa anakuheshimu kabla hujafungua mdomo.

Itakuja pia barua inayodai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Wengi hudhani ni matapeli wakaitupa. Si matapeli. Inadaiwa hata kama huna televisheni, na ukiipuuza deni linakua. Kama mnakaa nyumba moja watu wanne, mmoja analipa na mnagawana. Mwambie mwenzako akupe namba yake ya malipo, uijibu barua.

Saa

Wewe unayehesabu saa kwa Kiswahili una kazi mara mbili. Saa nne asubuhi yako ni 10:00 yao, hilo utalizoea. Mtego ni neno halb. Sekretari wa chuo aliniambia nije "halb zehn". Nikajua halb ni nusu, zehn ni kumi, nikafika 10:30 kamili nimenyoosha shati. Kumbe halb zehn ni nusu ya kuiendea kumi, yaani 9:30, saa tatu na nusu. Nilikuwa nimechelewa saa nzima na nilikuwa natabasamu.

Kwenye ratiba ya chuo utaona herufi mbili baada ya saa. "10 c.t." maana yake kipindi kinaanza 10:15, "10 s.t." maana yake saa kumi yao kamili. Hiyo robo saa ndiyo zawadi pekee utakayopewa. Kwingine kote, kufika dakika tano kabla ni kufika kwa wakati, na ukiona utachelewa dakika kumi, tuma ujumbe.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, Jumapili ya mwisho ya Machi wanaisogeza mbele. Kwa hiyo majira ya joto mko nyuma ya Tanzania saa moja, baridi saa mbili. Mwambie mwenzi wako nyumbani mapema, la sivyo ataketi na simu akidhani umemsahau.

Nyumbani kwako

Kidude cha kupasha joto ukutani kina namba 1 mpaka 5. Namba 3 inaleta nyuzi 20 hivi na inatosha. Wapya hufungulia 5 na kufunga madirisha mwezi mzima, halafu ukutani kunaota ukungu mweusi na mwenye nyumba anadai fidia. Kila asubuhi na jioni zima kidude, fungua dirisha lote wazi dakika tano, hata kama nje kuna theluji, kisha funga. Watakuambia neno Lüften kwa uzito kama vile ni amri ya kumi na moja.

Takataka zina mapipa yake: karatasi pipa la buluu, vifungashio vya plastiki na makopo pipa au mfuko wa njano, maganda ya chakula pipa la kahawia, yaliyobaki pipa jeusi. Chupa za kioo zinapelekwa kwenye makontena mtaani, nyeupe kwake, kijani kwake, na si siku ya Jumapili kwa sababu zinapiga kelele. Chupa za plastiki na makopo ya soda usitupe kabisa: nyingi zina amana ya senti 25, unazirudisha kwenye mashine dukani na kupewa risiti. Kuna mwezi nilinunua mkate kwa chupa za wenzangu wa korido, wala sikuona haya. Maji ya kunywa fungua bomba unywe. Kununua maji ni kutupa pesa.

Baada ya saa nne usiku hakuna kelele. Ukisali kwa sauti kama tulivyozoea kwenye mkesha, jirani atagonga ukuta, na wa pili atapiga simu. Tulikuwa Waafrika sita na Mbatak mmoja kutoka Sumatra, tukaomba funguo za chumba cha chini cha kanisa kwa Ijumaa usiku. Tulipewa kwa sharti la kuandika jina kwenye daftari. Omba, utapewa, ila omba kwa barua.

Jumapili maduka yamefungwa. Mapumziko ya Jumapili yamo kwenye katiba yao, kifungu walichokirithi tangu katiba ya 1919. Nunua chakula Jumamosi. Ukisahau, kuna maduka ya stesheni kubwa na vituo vya mafuta, kwa bei ya kukuadhibu.

Chakula

Ukialikwa chakula cha jioni, usifunge mchana ukitegemea sahani ya moto. Abendbrot ni mkate, jibini, nyama baridi iliyokatwa nyembamba, matango ya siki. Hawajakudharau, ndivyo wanavyokula wao wenyewe. Chakula cha moto ni cha mchana. Saa tisa alasiri ni kahawa na keki, na huo ndio mwaliko wa heshima. Beba maua au kitenge kidogo, vua viatu wakivua wao.

Unga mweupe wa ugali utaupata maduka ya Waafrika Hamburg au Hannover; miji midogo tafuta duka la Waturuki lenye unga wa mahindi wa njano. Kwa dharura semolina inasongeka. Mboga yako ni Grünkohl, ndugu wa sukuma wiki. Wenyeji wanaipika majira ya baridi saa nzima na soseji mpaka inakuwa rangi ya buti la jeshi. Wewe ikate nyembamba, kitunguu, nyanya, dakika nane. Niliwahi kumpikia jirani yangu wa miaka 78. Alikula kimya, akauliza kwa nini bado ni kijani, akaongeza.

Kanisani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi huvunjika moyo na kuandika barua mbaya nyumbani.

Jumapili yangu ya kwanza niliingia kanisa la mawe, kubwa kuliko la kwetu, nikahesabu watu kumi na wanne. Mchungaji alikuwa mama. Namba za nyimbo zimebandikwa ubaoni, kinanda kinanguruma, mahubiri dakika kumi na mbili, tangazo, baraka. Hakuna aliyeniita mbele nijitambulishe. Hakuna kwaya iliyotoka. Hakuna mnada wa kuku nje wala watu kukaa mpaka saa saba. Mchungaji akanipa mkono mlangoni, wote wakapanda magari. Nilirudi chumbani nikaandika kwenye daftari kwamba waliotuletea Injili wamekufa.

Nilikosea, na sikujua kwa sababu nilikuwa nimekaa benchi la nyuma nikisubiri kuitwa. Wiki ya tatu nikaomba miadi na yule mchungaji. Alifungua kalenda yake nikaiona: wagonjwa, wafiwa, vijana wa kipaimara, kikundi cha wakimbizi kutoka Syria wanaofundishwa lugha Alhamisi, benki ya chakula Ijumaa. Kanisa lao liko katikati ya wiki. Jumapili unaona kilichobaki.

Akaniuliza unafanya nini kanisani kwenu. Nikamwambia napiga tarumbeta. Akacheka, akapiga simu palepale.

Jumanne saa moja na nusu usiku nikaingia ukumbi wa parokia. Watu kumi na mmoja, kuanzia binti wa shule mpaka fundi bomba mstaafu mwenye tuba. Hakuna aliyeniuliza historia yangu. Wakanipa kiti, wakanisogezea karatasi ya noti. Nikaitazama. Zilikuwa zimeandikwa kama za kinanda, jinsi zinavyosikika (kwingine noti za tarumbeta huandikwa juu kidogo ya sauti inayotoka), jinsi mwalimu wetu kule Usambara alivyotufundisha; na ndivyo alivyotaka mchungaji Johannes Kuhlo wa Bethel, kituo cha kanisa kule Bielefeld, mtu aliyezisambaza bendi hizi Ujerumani yote. Bethel hiyohiyo ndiyo iliyotuma wamisionari Usambara na Bukoba. Fundi bomba akahesabu, eins, zwei, na tuni niliyoijua tangu kipaimara ikatoka. Tulipomaliza akasema neno moja tu, "Geht doch", maana yake kama "si umeona inawezekana". Tangu usiku huo nilikuwa na watu. Krismasi tulipiga kwenye ngazi za kanisa saa kumi na moja jioni, giza totoro, na watu walijaa mpaka nje. Mkesha wa Krismasi hata wasiokanyaga kanisani mwaka mzima huja.

Kwa hiyo hatua yenyewe ni hii: ndani ya mwezi wa kwanza jiunge na kikundi chenye kazi, si chenye maongezi tu. Bendi ya tarumbeta, kwaya, jikoni kwenye kahawa ya baada ya ibada. Mjerumani wa kaskazini hajui aongee nini na mgeni, ila anajua afanye nini naye.

Mambo madogo ya pale pale. Barabarani kijijini watu husema "Moin", asubuhi hata jioni. Jibu "Moin", moja tu, mbili ni maneno mengi. Ukiingia chumba cha kusubiri cha daktari salimia wote, halafu nyamaza. Shikamoo haina tafsiri. Mzee mpe mkono, mwangalie machoni, tumia Sie, "wewe" ya heshima, mpaka yeye mwenyewe akualike kwenye du, "wewe" ya kirafiki. Kumwangalia mkubwa machoni kulinichukua miezi. Kwetu ni utovu wa adabu, kwao ukiangalia chini wanadhani unaficha kitu.

Mikutano mingi ya kanisa huanza na neno la siku la Herrnhut, mji wa Wamoravian huko Ujerumani, yaani mistari ya Agano la Kale inayochaguliwa kwa kura na kuchapishwa kila mwaka tangu 1731. Ukitoka Kanisa la Moravian Mbeya au Tabora utakuwa nyumbani. Ukitoka kwingine, nunua kitabu hicho. Ukiulizwa ghafla useme tafakari, mstari unao.

Na neno misioni lenyewe litumie kwa tahadhari. Kwetu ni neno safi. Kule, kwa wengi, hata wa kanisani, linanuka ukoloni na kulazimishana. Kugonga mlango wa mtu asiyekujua umhubirie ni kumuudhi. Ukitaka kushuhudia, kaa meza moja na mtu miezi sita. Ataanza yeye kuuliza.

Watakapokuomba uwaambie kuhusu Afrika

Utaitwa mashuleni, kwa wazee, kwenye sharika zenye urafiki na dayosisi zetu. Nenda, ila jiandae, kwa sababu maswali ni mawili tu: umaskini, na je, tuwaombe radhi?

La kwanza, usikubali kuwa picha ya sadaka. Ukiombwa uvae kitenge uimbe, imba, kisha omba dakika kumi za kueleza unachosoma.

La pili, jua historia yako. Kule Hermannsburg, mji mdogo wa Lüneburger Heide, Ludwig Harms alianzisha shule ya wamisionari mwaka 1849, na 1853 wakatuma meli yao wenyewe, Candace, iwafikishe kwa Waoromo wa Ethiopia kwa kupitia pwani yetu. Watawala wa pwani hawakuwapa njia, wakageuza meli kwenda Natal. Wazee wa kule hawajui daima kwamba Mombasa ndiyo iliyowakatalia, waambie, watafurahi. Upande wa pili jua Maji Maji, 1905 hadi 1907, na kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Jua pia kwamba Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa mwaka 1900 na fuvu lake bado linatafutwa na ukoo wake. Sema bila kupandisha sauti. Nilipolisema hilo kwa kikundi cha wastaafu, mama mmoja alinyanyuka akaenda kuleta kahawa, akarudi, akaniuliza jina la huyo Mangi linaandikwaje.

Darasani

Profesa anataka umpinge. Ukinyamaza kwa heshima ataandika kwamba hukusoma. Soma kurasa ulizopewa, andika maswali mawili, uliza moja. Ukitumia maneno ya mwingine bila kumtaja, hata kama ni askofu wako, ni wizi na unaweza kufukuzwa. Shida ya masomo peleka kwenye saa zake za ofisi, usimvizie koridoni.

Afya, giza, upweke

Wiki ya kwanza tafuta daktari wa karibu ujiandikishe ukiwa mzima. Dharura ya kufa na kupona piga 112. Ukiugua usiku au wikendi lakini si mahututi, piga 116117. Duka la dawa halikuuzii antibayotiki bila cheti cha daktari, usibishane nao.

Desemba jua linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na dakika kumi jioni, siku likionekana. Mwili wako haujawahi kuona hilo. Utalala sana, utakasirika bila sababu, utaanza kuhesabu pesa za tiketi. Si pepo wala si imani kupungua. Toka nje kila mchana, hata dakika ishirini, muulize daktari kuhusu vitamini D, na usile peke yako zaidi ya siku mbili mfululizo. Ukizidiwa kuna simu ya ushauri ya makanisa, 0800 1110111, bure, mchana na usiku, kwa Kijerumani. Mchungaji kupigia simu mtu amsikilize si aibu. Mimi nilipiga Februari.

Kwa aliyeacha mwenzi nyumbani: wekeni siku na saa ya simu, na isiwe ya kupanga ada na bati tu. Mwonyeshe picha za vitu vya kijinga, kama foleni ya baiskeli au mkate wenye mbegu. Akijua maisha yako ya kila siku, hatakuwa mgeni ukirudi.

Ubaguzi upo. Mara nyingi ni kiti kitupu kando yako kwenye basi. Mara nyingine ni polisi kukuomba wewe peke yako kitambulisho kwenye behewa zima. Tembea na kibali chako, jibu kwa utulivu, andika saa na namba ya treni, kisha mwambie mtu wa chuo siku hiyohiyo. Usikae nalo.

Pesa

Kwa mfano wa euro 992: chumba 320, bima karibu 150, chakula 230, simu na ada ndogo ndogo 50, tiketi ya mwezi. Tiketi ya Deutschlandticket inakupandisha mabasi na treni za mikoa nchi nzima, si zile za mwendo kasi. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, Januari 2026 ikafika 63. Chuo chako kinaweza kuwa na ya mwanafunzi kwa bei ndogo, uliza kwanza.

Pesa inayobaki, nyumbani wanaijua kuliko wewe. Mjomba ataanza na salamu, kisha bati, kisha harusi. Panga kiasi kimoja kwa mwezi, mtumie mtu mmoja anayeaminika agawe, na ukikataa kataa mapema. Kisheria mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, lakini mikataba mingi ya ufadhili inakataza au inataka ruhusa. Soma mkataba wako kabla ya kukubali kufagia ghala.

Ukikaribia kurudi

Miezi mitatu kabla, andika barua za kuvunja mikataba ya simu, mazoezi, na chumba, maana kila mmoja una muda wake wa notisi. Wiki ya mwisho nenda manispaa ufanye Abmeldung, kujiondoa. Haifanyiki mapema zaidi ya wiki moja kabla ya kuondoka. Nakala ya karatasi hiyo ndiyo inayosimamisha ada ya redio na bima. Acha akaunti ya benki wazi mpaka amana ya chumba irudi. Vitabu tuma kwa meli mapema, vinachukua miezi. Na siku ya mwisho, ukishakabidhi ufunguo, bandua jina lako kwenye sanduku la barua, kwa ajili ya anayekuja.